Mshale Uliposhuka, Nikamcheka Mke Wangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie maana nyumbani hakukaliki. Baba mkwe, dereva mstaafu, alituazima gari lake nimpeleke mke wangu kwenye kituo chake kipya cha kazi, njia yote mlima, na katikati ya mlima mke wangu akasema, "Mshale wa joto umefika kwenye nyekundu, simama," nikamwambia aniachie usukani wangu, tukabishana, mara mshale ukaporomoka wenyewe hadi chini kabisa kwenye baridi, basi nikapiga honi kwa furaha, "Umeona? Gari linamjua dereva wake!" nikakanyaga mafuta, na hata kilomita mbili hazikuisha injini ikakohoa, ikazima, ikafa. Sasa baba mkwe ananiomba radhi mimi! "Mwanangu, nisamehe, nilikupa gari bovu," na amegombana na fundi wake, rafiki wa miaka ishirini, eti alimfungia mpira mkuukuu wa kupitisha maji ya rejeta yanayopoza injini, ukapasuka maji yakamwagika, hawasalimiani tena, nami nimekaa kimya nakunywa chai ya mzee, na mke wangu kasema, "Usiposema wewe, Ijumaa nasema mimi." Nifanyeje?

Mkwe Mwenye Aibu

Mkwe, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu.

Mshale ule haumjui dereva yeyote. Unafuata kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye injini, kinacholowa ndani ya maji ya rejeta na kupima joto lake. Maji yakiisha, kifaa kinabaki hewani, hakina cha kupima, mshale unaanguka. Gari halikupoa, ndugu yangu, lilikauka. Ulipiga honi kwenye msiba wako mwenyewe.

Mpira unaweza kupasuka kwa yeyote. Ungesimama, mngesubiri injini ipoe, mkatafuta mpira na maji, mkaendelea. Kuiua injini ni kazi ya mguu wako.

Usingoje Ijumaa. Nenda kesho na mkeo, yeye akae, wewe useme. Usianze na "bahati mbaya." Sema: "Baba, mshale ulifika kwenye nyekundu, niliambiwa nisimame, nikakataa." Kisha funga mdomo. Atafoka, mwache afoke. Akituliza pumzi, mshike mkono mwende gereji, ukarudie maneno hayo hayo mbele ya fundi. Na wazee hao wakianza kukucheka wote wawili, usiondoke. Kaa uchekwe mpaka wachoke, maana hapo wameshapatana.