Koko Aliyerudi Kwenye Paa

Dada Nekesa, mulembe!

Huku Kitengela upepo unatia vumbi hata ndani ya chai. Jana nilimpata jirani yangu, bibi mmoja wa Kimaasai tunayemwita Koko, yaani nyanya, juu ya nyumba yake akikandika paa kwa mavi ya ng'ombe. Na ni hapo hapo alianguka mwaka jana akavunjika nyonga! Hospitali ya huku ilimtia chuma, na wiki hiyo hiyo wakamsimamisha.

Nikamweleza kwamba Mama yetu aliteleza tu kwa matope akavunjika nyonga vilevile, na huko Bungoma bado amelazwa, mguu ukivutwa na mfuko wa mchanga.

“Kwani yeye ni ndama, mumfunge?” akauliza.

Nimeongea na daktari wa Koko, amesema tumlete Mama. Mpangie nguo. Mwambie asiogope chuma. Amwogope Koko, ameshamgawia upande wake wa paa wa kukandika.

Nawakumbuka sana,
Nafula