Masika hakuiacha Beni nje

Masika,

"Masika alitengenezea batu ya Butembo tu. Siye ba Beni alituacha inje."

Paluku, mkuu wa ofisi yetu ya Beni, aliyasema hayo nyumbani kwenu Vulamba, hapa Butembo, baada ya misa ya kukuombea, sahani ya fufu ya mama yako ikiwa mkononi. Waandishi wake wakamwitikia, na mama alisikia. Tangu siku ile ananiuliza mimi, mwenzako wa kazi, kama kweli ulikuwa mbaguzi.

Ni uongo, tena uongo wa mvivu.

Redio yetu inatumia mashine moja yenye akaunti moja ya wote, iliyoko Butembo. Wewe ulituandikia alias, zile amri fupi: mtu anaandika "habari", folda ya habari inafunguka. Wenzetu wa Beni waliingia kwa mtandao, wakaandaa habari za mji jirani wa Oicha kwa amri zilezile. Ukafa, na kwao pakaanza kutokea "commande introuvable", amri haipatikani. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba mwoga humshitaki marehemu kwa sababu hajibu. Basi nikaenda kukujibia.

Alias zako zilikuwa salama ndani ya .bashrc, faili ambayo kila terminali ya Butembo, yaani dirisha la kuandikia amri, inaisoma inapofunguka. Anayeingia kutoka mbali anasomewa faili nyingine, .profile, na humo uliweka maagizo ya kuita .bashrc. Beni uliifikiria, Masika. Lakini kando yake nikakuta .bash_profile ya Paluku, iliyoundwa baada ya mazishi, na ndani yake salamu moja tu ya kujipokea: "Bienvenue, Chef," yaani karibu, mkuu. Ikiwepo hiyo, .profile haisomwi tena.

Alifunga mlango yeye mwenyewe, kisha akalalamika kwamba umemwacha nje.

Nikaongeza humo mstari mmoja wa kuiita faili yako, ". ~/.bashrc", nikatoka, nikaingia upya kwa njia ya Beni. "Habari" ikafunguka. Nililia, maana nilikusikia ukinigombeza, ukiniita mkubwa wako kama ulivyozoea: "Yaya, ile unaandika mu dirisha inakufa na dirisha. Tia mu faili."

Lala, dada yangu. Nikiwa hai, hakuna atakayeifuta kazi yako, wala atakayelichafua jina lako mbele yangu nikanyamaza.

Barua hii naibandika kwenye milango ya ofisi zote mbili. Ninyi waandishi wa Beni mliomwitikia siku ile, ingieni, andikeni "habari", muone. Na wewe Paluku, panda Butembo, nenda Vulamba, kaa mbele ya mama yake, umwambie kwa mdomo wako uleule: "Ni mimi nilifunga."