Printa Ndani ya Eda

Alhamisi, 15 Januari

Siku ya mia na mbili ya eda. Nimeswali, nimefagia, nimekunywa chai na mahamri mawili ya jana. Joto limeingia tangu saa mbili asubuhi. Nikakaa dirishani kuandika mtihani wa darasa langu kwenye simu, kama kila siku wiki hii. Nimefika swali la kumi na nne. Vidole vyangu vinene, nikigusa herufi hii inakuja jirani yake.

Adhuhuri Swafiya ameniletea boksi kubwa. Swafiya ni mke wa Athman, mdogo wake marehemu mume wangu, wao wanakaa ghorofa ya juu. Ndani ya boksi mna printa. Binti yangu Salma ameituma na basi kutoka Malindi. Anasema haina haja ya kompyuta, inazungumza na simu kwa waifai. Nimeipangusa ingawa haikuwa na vumbi. Nimefurahi kama mtoto siku ya Idi, kisha nikaona aibu kufurahi.

Ijumaa, 16 Januari

Maalim Nuru, mkuu wa madrasa yetu ya wasichana, amepiga simu baada ya swala ya Ijumaa. Mambo ni haya. Mwaka jana mitihani ilichapishwa saiba, duka la kompyuta huko Makadara, na kabla ya jioni nusu ya wasichana walikuwa wanayajua maswali. Basi mwaka huu hakuna karatasi kupelekwa dukani. Kila mwalimu achape mwenyewe, afunge bahasha kwa gundi, na bahasha ifike kwake Alhamisi ijayo kabla ya alasiri. Mtihani ni Jumamosi.

Isipofika, mtihani wa darasa langu atautunga Mwalimu Zuhura, ambaye ndiye anayelishika tangu niingie eda. Na mambo ya darasa, akasema Maalim Nuru, "tutaona baadaye."

Naijua hiyo tutaona yake. Wazazi wakiomba kitu asichotaka kuwapa, huwaambia tutaona.

Nyumba hii ni ya watu wa marehemu, mimi nililetwa. Vyombo vingi ni vya mama yao. Lakini darasa ni langu. Miaka kumi na sita nafundisha adabu pale, na mwaka huu nina wasichana thelathini na mmoja. Wakinisikia nakohoa kwenye ngazi za madrasa wanajipanga. Darasa hilo silitoi.

Jumamosi, 17 Januari

Printa imekataa.

Kidirisha chake kidogo kinasema hakuna mtandao. Salma yuko kwenye simu, bonyeza hiki, shikilia kile, zima, washa. Hakuna mtandao. Salma akauliza kama simu yangu yenyewe inashika waifai ya nyumba. Nikatazama. Haishiki. Nikakumbuka kwamba haijashika tangu wiki ya kwanza ya eda, natumia bando zangu tu. Wakati ule nani alikuwa na habari ya waifai.

Mtandao ni wa Athman. Yeye ndiye anayelipia, sisi wa chini tulikuwa tunapewa bila kuomba. Salma anasema nimuulize. Sitaki. Nimwambie nini, shemeji nipe tena? Sijaanza kuombaomba.

Nimebeba printa chumba hadi chumba, kifuani kama mama mwenye mtoto anayelia. Jikoni hakuna. Chumbani hakuna. Dirishani, jina la mtandao likatokea. Nikaandika paswadi, naijua kwa moyo. Ikashika. Nikapiga makofi peke yangu.

Ikakatika kabla sijashusha mikono.

Jumapili, 18 Januari

Imeshika mara nne, imekatika mara nne. Mgongo wauma. Nimemaliza maswali, yako ishirini. Ni mtihani mzuri, naujua ni mzuri, na umefungiwa ndani ya simu.

Jumatatu, 19 Januari

Leo nimeita fundi. Kijana wa watu hawezi kuingia ndani, mimi niko eda na nyumbani hamna mwanamume wangu. Basi yeye kakaa barazani chini ya dirisha, mimi ndani nyuma ya pazia, printa mezani. Anasema, nafanya. Bonyeza kitufe cha kulia, mama. Kulia kwangu au kwako? Kulia kwa printa. Printa ina kulia na kushoto? Muuza kahawa akasimama kusikiliza. Mwanamke mmoja apitaye akashauri nisome Bismillahi kwanza. Nilikuwa nimeshasoma.

Tukajaribu simu izungumze na printa moja kwa moja bila mtandao wa nyumba. Simu yangu ya zamani, haikuweza.

Mwisho fundi akauliza kisanduku cha waifai kiko wapi. Nikamwambia kiko kidakani, kile kishimo cha ukutani, pale ngazini nje ya mlango wangu, huu mwaka wa sita. Akasema basi haiwezekani, hatua tatu tu, mtandao ungekuwa unapiga kelele. Nenda katazame, mama.

Mlango ule sijauvuka tangu siku ya mazishi. Swafiya huja, hupenyeza mkono chini ya pazia, chakula kinaingia. Nimefunua pazia kidogo nikachungulia.

Kidaka kitupu. Alama ya vumbi ya mraba, na msumari.

Fundi akasema ndiyo hiyo. Kuta za mtaa wetu huu wa Kuze ni mawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima, kisanduku kikipandishwa juu huku chini hapapatikani kitu. Akaondoka. Kijana mwema, hata maji hakutaka.

Wamekiondoa. Hawakuniambia. Nimekaa na jambo hili tangu alasiri na halishuki.

Jumanne, 20 Januari

Nina hasira, na nitaiandika hapa kwa sababu hapa hapana wa kuniambia nisubiri.

Mume wangu hakutimiza wiki kaburini, wao wanakata waifai. Leo kisanduku. Eda ikiisha itakuwa funguo za ghala, kisha chumba cha mbele, kisha nitaulizwa kwa upole Salma ana nafasi kiasi gani huko Malindi. Nimewaona wajane wa mitaa hii. Hawafukuzwi. Wanapunguziwa, kidogo kidogo, mpaka wanafunga virago wenyewe na kushukuru.

Swafiya ameleta samaki wa kupaka. Nimemrudishia bakuli lilivyokuja. Sijapata kufanya hivyo kwa mtu maishani mwangu.

Nimeanza kunakili mtihani kwa mkono. Kurasa tatu mara thelathini na moja. Kufika alasiri nina nakala nne na kifundo cha mkono kimevimba. Hesabu yake haihitaji mwalimu.

Zuhura ameniandikia ujumbe: "Usijichoshe mwalimu wangu, mimi nipo." Nimeusoma mara sita. Pengine ana nia njema. Mara zote sita nimeuchukia.

Jumatano, 21 Januari

Niandike polepole, nisije nikajipendelea.

Asubuhi Swafiya kaja mlangoni. Anauliza, Da Mwana, unaumwa? Samaki alikuwa na kasoro? Sauti yake ya woga. Mimi badala ya kujibu la samaki nikayatoa yote. Kidaka, kisanduku, siku mia, mtihani, kesho alasiri, darasa langu. Nikamwambia mkitaka niondoke niambieni kwa mdomo, msiniambie kwa waifai.

Kisha nikasikia ndara zake zinapanda ngazi mbio.

Athman akaja. Hakushuka. Alisimama juu kabisa kwenye ngazi, mimi nyuma ya pazia langu, Swafiya katikati yetu kama hakimu. Athman ni mtu wa maneno machache. Alisema hivi, nayaandika yalivyo:

"Shemeji, kile kisanduku kilikuwa kikiganda kila magharibi. Sharti nije nisimame mlangoni pako, nikizime, nikingoje, nikiwashe. Nawe umo ndani ya eda. Niliona haya. Nikakipandisha."

Nikamwambia, "Ungeniambia."

"Hilo nalo niliona haya."

Alidhani nikihitaji nitasema. Mimi nikadhani akitaka kunipa atasema. Siku mia mtu na shemejiye wamekaa ghorofa mbili, kila mmoja anamstahi mwenziwe, na mtandao hakuna.

Swali la saba la mtihani wangu linauliza adabu tatu za kuingia kwenye mlango wa mtu. Yeye amezishika zote, na mimi niliyelitunga swali nimemwekea kinyongo. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwomba radhi kupitia pazia. Akasema hapana neno, hapana neno, kama anayefukuza inzi, na papo hapo akaanza kuvuta waya.

Swafiya ndiye aliyekiteremsha kisanduku na kukiweka kidakani. Athman akawa anaelekeza kutoka juu. Taa zikawaka, ya kijani, ya pili ya kijani. Simu yangu ikashika papo hapo, imejaa mpaka juu.

Printa haikushika.

Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, si kwa ajili ya printa tu. Swafiya akaingia ndani, akakaa sakafuni na mimi. Mara ya kwanza tangu msiba ameketi chumbani kwangu, na hakubeba sinia.

Kutoka juu Athman akauliza, je, simu inaonyesha majina mawili? Nikajibu yanaonekana mawili, la pili lina tano mwishoni. Akasema kisanduku kinatoa mitandao miwili, mmoja wa kasi na mmoja wa zamani, na vyombo vingi vidogo huujua ule wa zamani tu. Chagueni lile lisilo na tano, kwenye simu na kwenye printa, zote mbili ziwe pamoja. Tukachagua. Nikaandika paswadi, herufi moja moja, Swafiya ananisomea kwa sauti kama tunasomeshana alifu.

Ikafikiri. Ikanguruma. Ikavuta karatasi. Ukurasa wa kwanza ukatoka na jina la madrasa juu, na chini yake swali la kwanza, wino mweusi ti.

Zikafuata kurasa mbili, nikausoma mtihani wote, nikijua kila neno. Swafiya akausoma pia, nikampa akaujibu kwa mdomo. Kapata kumi na tatu kati ya ishirini. Nimemwambia arudie darasa. Tumecheka mpaka Athman huko juu akauliza kuna nini.

Kufika magharibi, nakala tisa tu. Karatasi zimeshika unyevu wa mwezi huu, zinajikunja na kukwama. Kesho mapema Swafiya anakuja na pasi.

Alhamisi, 22 Januari

Swafiya kapiga pasi karatasi moja moja, juu ya kanga, moto mdogo. Mimi nazilisha printa zikiwa bado na uvuguvugu. Haijakwama hata mara moja. Chumba kinanuka kama siku ya kunyoosha nguo za harusi.

Saa saba na nusu, nakala ya thelathini na moja. Nimezihesabu mara mbili. Gundi, bahasha, jina langu juu ya mfuniko ili ikifunguliwa ijulikane. Swafiya kavaa buibui kaipeleka mwenyewe, hakutaka kumpa mtu. Karudi kabla ya adhana ya alasiri. Maalim Nuru kaipokea, kasema ahsante, basi. Maalim Nuru hana maneno.

Nimekula samaki sahani mbili.

Jumamosi, 24 Januari

Mtihani leo. Saa tatu hadi saa tano. Mikono yangu haikujua ikae wapi. Nimepanga kabati la vikombe upya.

Jumapili, 25 Januari

Hakuna habari. Zuhura ndiye aliyesimamia. Pengine atasahihisha yeye, na akisahihisha yeye ndiye atakayesoma matokeo mbele ya wazazi, na wazazi watajua mwalimu ni nani. Nimejiambia nisiwaze. Nimewaza.

Jumatatu, 26 Januari

Athman hagusi tena kisanduku, kazi hiyo ni ya Swafiya. Magharibi kikiganda huja kukizima na kukiwasha, kisha anapitiliza ndani kwangu na kukaa. Jana kaniuliza kama wanawake wazima wanaweza kusoma adabu. Nikamwambia kumi na tatu si mbaya kwa kuanzia.

Jumatano, 28 Januari

Asubuhi tulivu. Mawingu, upepo kidogo, nimefungua madirisha yote mawili.

Zuhura amekuja mwenyewe. Kavua viatu, kaniamkia, kaketi mkekani. Kaniletea mfuko wa majibu ya wasichana, haujafunguliwa. Maalim Nuru kasema mwenye darasa ndiye asahihishe. Zuhura kaniambia wasichana wanamwita kwa jina langu kwa kusahau, na kwamba swali la kumi na nane limewatoa jasho, hata yeye. Ni msichana mwenye sauti ndogo. Ule ujumbe wake naona niliusoma vibaya. Nimempa chai, na alipoondoka nimemwambia asante kwa kunishikia.

Chini ya mfuko mna daftari la mahudhurio la muhula ujao. Maalim Nuru nimefanya naye kazi miaka kumi na sita. Jambo asiloliamua huliandika kwa penseli, ili lifutike. Ukurasa wa kwanza, penye jina la mwalimu, ameandika langu, kwa wino.

Nimepitisha kidole juu yake. Wino umekauka, jina halitoki.

Nimeanza kusahihisha. Nimemaliza kumi na mbili, bado kumi na tisa.