Upande wa Kushoto wa Meza

Ukiliokota daftari hili, nakuomba sana, lifunge. Ukishindwa, basi usimsomee mtu hata neno moja. Humu ndimo ninapoandika ninayoyaogopa.

Jumatatu, 3 Machi
Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Kampeni ya kupima presha ya macho, ile wataalamu wanayoiita glakoma. Naandikisha tangu saa mbili asubuhi. Jina, umri, mtaa. Swali la nne: kuna aliyepofuka kwenye familia? Nauliza bila kuinua kichwa. Baba yangu, Bukoba, haoni hata mkono wake. Nyumbani tunasema ni uzee. Ana miaka hamsini na sita.

Jumanne, 4 Machi
Aibu. Mama Sabina, muuza dagaa, amenisema mbele ya foleni nzima: "Huyu karani wenu Mhaya anaringa, mpeni ubunge kabisa! Napita hapa mara tatu, shikamoo haimtoki!" Watu wamecheka. Naapa sikumwona. Alipita kushoto. Nimemwamkia mara mbili. Ameitikia mara moja tu.

Jumatano, 5 Machi
Daktari kwenye kipaza sauti: ugonjwa huu hauumi, mara nyingi unaanzia pembeni, unachokula hakirudi. Watoto wa mgonjwa wapimwe kwanza. Maneno hayo nimeyachapa mimi kwenye vipeperushi. Leo nimeyasoma tena, moja moja.

Mchana nimepiga teke ndoo ya Mama Sabina. Dagaa wote chini. Ndoo ilikuwa kushoto. Nilisubiri matusi. Ameiangalia ndoo, kisha jicho langu la kushoto.

"Mwanangu, wewe huringi. Wewe huoni."

Alhamisi, 6 Machi
Sijapimwa. Nimewaandikisha wengine siku nzima. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Sabina amenishika mkono mpaka kwenye foleni. "Twende wote. Na mimi naogopa, unadhani?" Nimejiandikisha mwenyewe. Swali la nne: ndiyo, baba. Hati mbaya sana.

Daktari ameniambia nizibe jicho la kulia. Akachezesha vidole pembeni, nimwambie nikiviona. Sikuona giza. Sikuona weusi. Hapakuwa na kitu, wala dalili kwamba kuna kitu kimekosekana. Watu, mitumbwi, ziwa, vyote vimekuwa vikiniondokea, na akili yangu imeshona tundu bila kuniambia. Jicho la kulia limefanya kazi ya mwenzake kwa miaka, kimya. Nilipaswa kulia. Nimebaki kushangaa tu. Jicho, kitu kidogo kama gololi, kumbe lina mambo makubwa hivi.

Kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki kinalindwa: tone moja la dawa kila jioni, maisha yote, na kliniki bila kukosa. Jicho la kulia bado zuri.

Mama Sabina hana tatizo. Amemshukuru Mungu, halafu akalia kwa ajili yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempigia kaka. Awapeleke wadogo zetu wote wakapimwe, na yeye mwenyewe. Nimemwambia ya baba huenda si uzee. Aliuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Kisha akasema, "Kesho."

Jioni, tone moja. Nimegeuza kichwa chote, polepole, kuliangalia ziwa kuanzia mwanzo wa mawe mpaka mwisho. Ni kubwa kuliko nilivyojua.

Ukiliokota daftari hili, nirudishie. Hadi Ijumaa niko Mwaloni, meza ya uandikishaji. Baada ya hapo muulize Mama Sabina, meza ya mwisho ya dagaa kabla ya maji. Njoo upande wa kulia. Ukitokea kushoto, niite kwa sauti. Nitageuka.