Nywele ya Ngendo

Wanja, uko? Hutaamini kitu mama mkwe, huyo mama ya Theuri, amenifanyia.

Nilimwachia Ngendo hapo kwake Gatitu asubuhi nikaenda sokoni. Kurudi, napata mtoto amekaa kwa kiti, nywele imelala kwa kichwa kama ya mdoli. Ati alimpeleka saluni wakampaka dawa ya kunyoosha. Mtoto wa miaka sita.

Miaka sita, Wanja.

Na wewe unajua vile nimeitunza hiyo nywele. Kila Jumamosi namkalisha katikati ya magoti, naweka maji na mafuta ya nazi, nafungua mafundo na vidole polepole ndio asilie. Zile pete za nywele yake ulikuwa unapenda kuvuta zimeisha zote.

Nikamuuliza, "Mami, si ungeniuliza kwanza?" Akajibu bila hata kuniangalia, "Kesho tunaenda kanisa. Sitaki watu waseme mjukuu wangu hana mama."

Hana mama. Na mimi nimesimama hapo mbele yake.

Nyuma ya sikio dawa imemchoma mpaka ngozi imetoka. Anasema alilia, nyanya yake huyo, cucu, akamwambia avumilie.

Nimempigia Theuri. Akasema, "Si ni nywele tu, itamea."

Nimemleta nyumbani nikamwosha na maji baridi. Nikamwambia tutaikata ianze upya, irudi kama ile yake ya kawaida. Akashika kichwa na mikono yote miwili, akarudi nyuma mpaka kwa ukuta.

"Hapana, mum. Cucu amesema sasa ndio niko mzuri."