Programu Haina Kosa, Bibi Harusi Kasukwa Nusu Kichwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijampoteza shangazi. Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta, na shangazi aliyenilea ana saluni ya viti vinne, wateja wake walikuwa wanagombania zamu kila Jumamosi, nikajitolea kumtengenezea programu ya kupanga miadi, nikajifungia wiki tatu, nikaitoa safi, nikamweleza saa nzima habari za seva na hifadhidata, akawa anaitikia kwa kichwa, nikajua ameelewa, kumbe anasinzia. Jumamosi ya kwanza programu ikaita wateja kumi na wanne asubuhi moja, kwa sababu kila mtu nilimpa nusu saa, maana mimi nikienda kunyoa namaliza kwa dakika ishirini, sikujua kusuka kunaweza kuchukua saa sita, na mmoja wao alikuwa bibi harusi, muda wa kufunga ndoa ukafika kasukwa upande wa kushoto tu, akaondoka na kitambaa kichwani huku analia, nami nikasema mbele ya wote, "Programu iko sawa, wasusi ndio wazito." Shangazi akanitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, toka nje na kompyuta yako." Tangu siku hiyo hapokei simu. Nimekagua programu mara tatu, kosa silioni. Nimekosea wapi?

Fundi Kompyuta

Fundi, pole, na ushukuru wasusi hawakuwa na mkasi karibu. Kosa hulioni kwa sababu unalitafuta ndani ya kompyuta. Wiki tatu nzima hukumuuliza msusi hata mmoja, "Dada, kichwa kimoja kinakuchukua muda gani?" Kipaji unacho, hilo silibishi. Lakini shangazi yako anapata riziki kwa mwanamke anayetoka pale amependeza, akaenda kuwasimulia wenzake. Hilo hukulijua, na ulipopata nafasi ya kusikiliza, ukahutubia.

Sasa nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe. Mwombe radhi shangazi, kisha wasusi, kisha bibi harusi. Kwa huyo wa mwisho, shangazi atangulie. Omba ukae saluni siku tatu bila kompyuta, ufagie nywele, uone nani huchelewa, nani huja na mtoto mgongoni, nani hubadilisha mtindo kazi ikiwa katikati. Uliza. Wakijibu, usiwasahihishe. Siku ya nne mweleze shangazi ulivyoielewa kazi yake, kwa Kiswahili cha nyumbani. Akisema, "Sivyo," rudi kwenye ufagio.