Kikapu Nilichojaza Anhui

Kiptere,
Kericho.
6 Mei 2025

Mpendwa Senge Rodah, shangazi yangu,

Ndiyo, China kweli! Simu ilikatika ukicheka, ukidhani nakutania, na tangu siku hiyo nina hamu ya kukujibu. Sikwenda Mombasa kama maarusi wengine. Nilikwenda China na mume wangu Kipngeno. Mume wangu! Bado napenda kuliandika hilo neno.

Lakini kwanza, u hali gani? Joto la Lodwar linakuruhusu kulala? Na goti? Sisi huku ni wazima. Mvua imeshuka vizuri, chai imechipua hadi wachumaji hawatoshi, na Baba anasema dada yake angekuwa karibu angemvisha buti za mpira amtume shambani.

Safari ilitokea hivi. Kiwanda cha chai anachofanyia kazi Kipngeno kilimteua akajifunze wiki tatu jinsi Wachina wanavyotengeneza chai kwa mkono. Nikamwambia, "Na mimi unaniachia nani, harusi haijamaliza hata mwezi?" Zawadi zetu zikageuka tiketi yangu. Usinigombeze, Senge. Sufuria tutanunua baadaye.

Hatukukaa kwenye miji ya maghorofa. Tulipelekwa milimani katika jimbo la Anhui, kwenye vijiji vya kale ambavyo hata Wachina wengi hawajavisikia. Nyumba zina kuta nyeupe na vigae vyeusi, zilijengwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na watu bado wanaishi humo, wanaanika mboga mlangoni. Vichochoro ni vya mawe yaliyolainishwa na nyayo. Pembeni kuna mfereji wa maji safi, akina mama wanaosha mchele hapo wakipiga umbea kama sisi tu. Kwenye daraja moja la zamani Kipngeno alinishika mkono akidhani nitateleza. Sikuwa nateleza, lakini sikumwambia.

Tulilala kwa mjane mmoja, Bibi Xiulan. Mkalimani wetu alikuwa Phelix, kijana wa Ahero anayesoma huko.

Sasa sikia nilichofanya. Nyuma ya nyumba kuna michai michache, mizee sana. Asubuhi ya kwanza nikaona imechipua, bibi yuko jikoni, nikasema wacha nimsaidie. Unanijua nikishika chai. Mikono miwili, majani mawili na kichipukizi, naimba, natupa kapuni. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimemaliza michai yote, najiona shujaa.

Bibi alipotoka na kuona kikapu, aliketi juu ya jiwe.

"Aki Nelvine," Phelix akasema, "umefanya nini? Hii si shamba la baba yako! Hapa wanachuma kichipukizi peke yake, kimoja kimoja."

Kumbe bibi hutumia vile vichipukizi vya kwanza kutengeneza chai ya kijani ya kumwagia kaburi la mumewe, siku ambayo Wachina huenda kusafisha makaburi. Zilibaki siku nne. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukosa, na majani yangu makubwa hayakufaa. Senge, nililia. Nilijiona nimemnyang'anya mjane mume wake mara ya pili.

Kipngeno hakunigombeza. Alichukua jani, akalinusa, akamwambia Phelix, "Muulize kama ataniachia nitengeneze chai nyeusi, kama ya kwetu."

Bibi akakubali kwa kichwa.

Basi mume wangu akatandaza majani mkekani yanyauke. Kesho yake akayafikicha kwa viganja mpaka mikono ikawa kahawia, akayafunika kwa kitambaa kibichi mpaka yakabadilika rangi. Bibi mwenyewe akayakausha kwenye karai la chuma. Mimi nilichochea kuni nikimtazama Kipngeno, jasho linamtoka, hajali. Nilimpenda upya, Senge, kuliko hata siku ile kanisani.

Siku ya makaburi tulipanda mlima pamoja. Bibi akammwagia mumewe kikombe, halafu akaonja mwenyewe. Tulisimama kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Akaonja tena. Ghafla akacheka, akalipiga jiwe la kaburi kofi dogo, maneno yakamtoka mengi.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anamwambia mzee," Phelix akajibu, naye anacheka, "'Miaka yote ulilalamika chai yangu ni nyepesi kama maji. Haya, lalamika leo!'"

Akanikumbatia pale pale mbele ya kaburi, mimi nalia tena, safari hii kwa furaha.

Tulipoaga alitupa nusu ya ile chai na sharti moja: tusiinywe wawili tu, tuipeleke kwa mtu anayekunywa chai peke yake. Sikuhitaji kufikiri. Nilimweleza habari zako, na jinsi meza yako ilivyo kimya tangu mumeo Mzee Jonah atutoke.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie jirani yako Yunia na wenzako wote wa kwaya. Mungu akufunike kwa kivuli chake kwenye jua hilo, akupe nguvu na miaka mingi ya kucheka.

Na safari hii usidhani natania: kabla mwezi huu haujaisha, mimi na Kipngeno tutabisha mlangoni kwako. Wewe tafuta maziwa tu.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye bila kipimo,
Nelvine, mke wa Kipngeno